Udaktari bila mjomba: yanayosemwa na yanayotokea kwenye udahili

Nafasi za kusomea udaktari wa binadamu ni chache, waombaji ni wengi, kwa hiyo maneno hayaishi. Mtoto wa mkulima wa zabibu Hombolo, au wa mama lishe wa Majengo, anaambiwa tangu kidato cha pili kwamba kozi ile ina wenyewe. Anakata tamaa kabla hata hajaamua achukue Fizikia au aiache. Haya ndiyo yanayorudiwa sana Dodoma na Singida, na kando yake utaratibu wenyewe ulivyo.

"Bila mtu wa ndani hupati"

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, kwenye mfumo wa udahili wa chuo chenyewe. Unaingiza namba zako za mtihani wa kidato cha nne na cha sita, na mfumo unavuta matokeo kutoka NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Hakuna mahali pa kuandika alama kwa mkono. Kila kozi ina idadi ya nafasi iliyoidhinishwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), na idadi hiyo imechapishwa kwenye mwongozo wa udahili ambao yeyote anaweza kuupakua bure. Wenye sifa wanapangwa kwa ufaulu kuanzia juu kwenda chini. Nafasi zikiisha, mstari unakatwa hapo. Majina yanapelekwa TCU kuhakikiwa ndipo yatangazwe.

Anayekuomba hela "akusukumie jina" anacheza na hofu yako. Ukichaguliwa, atadai ni yeye. Ukikosa, hapokei simu.

"Nina Divisheni I, MD ni yangu"

MD ndiyo Shahada ya Udaktari, na hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo tuhesabu taratibu.

NECTA inahesabu A kuwa pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5. Kadiri pointi zinavyopungua ndivyo daraja linavyopanda, na Divisheni I ni kuanzia pointi 3 hadi 9. Vyuo vinahesabu kinyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Mwenye A hadi E katika masomo yote matatu achukue 18, atoe pointi zake za NECTA, atapata pointi za udahili. Mwenye pointi 3 ana 15. Mwenye pointi 9 ana 9.

Sasa, kiwango cha chini cha TCU kwa Shahada ya Udaktari ni Fizikia, Kemia na Biolojia, angalau D katika kila somo, jumla pointi 6. Chuo kinaweza kupandisha zaidi ya hapo. Chukua vijana wawili. Wa kwanza ana A ya Biolojia, A ya Kemia na E ya Fizikia: NECTA inampa pointi 7, Divisheni I safi, sherehe nyumbani. Wa pili ana D tatu: pointi 12, Divisheni II, hakuna aliyempigia vigelegele. Wa pili ametimiza sifa ya chini ya udaktari. Wa kwanza hajatimiza, kwa sababu ya E moja. Mfumo hautazami daraja, unatazama somo kwa somo.

BAM (somo la ziada la hisabati) na General Studies hazimo katika hesabu hii. Kwa mwanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) anayeugulia BAM usiku kucha huku Fizikia iko alama 45, muda umekwenda pasipotakiwa. D inaanzia 50, C 60, B 70, A 80.

"Nikifikisha sifa ya chini nimeingia"

Sifa ya chini inakuruhusu kupanga foleni, basi. Pointi za mtu wa mwisho kuchukuliwa hubadilika kila mwaka kutegemea nani kaomba wapi, na hakuna anayeweza kukutajia za mwaka huu mapema. Kwa hiyo usiombe chuo kimoja. Kwa udaktari kuna vyuo vya umma kama MUHAS (Muhimbili), UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na ndaki ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Mbeya, na visivyo vya serikali kama CUHAS Bugando, KCMC Moshi, Kairuki na St. Francis Ifakara. Kila kimoja kinaombwa peke yake, kwa akaunti yake na ada yake ya maombi. Mwenye pointi za katikati akiomba MUHAS na UDOM pekee anajiwekea mtego. Aongeze angalau chuo kimoja ambacho ushindani wake ni mdogo zaidi, na ndani ya kila chuo ajaze machaguo yote kwa mpangilio anaoutaka kweli: udaktari kwanza, kisha famasia, uuguzi au maabara, kama yuko tayari kuzisoma.

"CBG ni ileile, tofauti ni Jiografia"

CBG ni Kemia, Biolojia na Jiografia, na si ileile na PCB hata kidogo. Udaktari unadai Fizikia ya kidato cha sita. Anayekimbilia CBG ili aikwepe Fizikia ameufunga mlango wa moja kwa moja akiwa na miaka kumi na saba, na mara nyingi hakuna aliyemwambia. PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) nayo haina Biolojia. Tahasusi, yaani mchanganyiko huo wa masomo, irekebishwe kwenye mfumo wa TAMISEMI kabla ya uchaguzi wa kidato cha tano kufanyika, kwa sababu baada ya hapo kuibadilisha kunategemea shule kuwa na nafasi.

"Wanaofaulu ni wa shule za kulipia"

Mtihani unasahihishwa kwa namba, na anayesahihisha haoni karo uliyolipa. Shule ya sekondari ya Msalato iko hapa hapa Dodoma, ni ya serikali, na wasichana wanaingia kwa ufaulu. Ni kweli kwamba shule yenye walimu wa kutosha na maabara inayofanya kazi inampunguzia mtoto mzigo. Ila pengo hilo sehemu kubwa linazibika, na vifaa vya kulizibia ni vya bure.

Cha kwanza ni taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Ziko kwenye tovuti yao, somo kwa somo, mwaka kwa mwaka. Zinaeleza kila swali lilidai nini, waliokosa walikosea wapi, na zinaweka picha za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) bila taarifa hizi ni nusu ya kazi. Chukua swali, lijibu kwa muda wa mtihani, ndipo ufungue taarifa ulinganishe.

Cha pili ni karatasi ya tatu, ya vitendo. Shule nyingi huiacha hadi wiki za mwisho, na alama zinapotea kwa mambo madogo. Kwenye titresheni ya Kemia mwanafunzi anaandika 24.5 badala ya 24.50, anajumlisha jaribio la kwanza la kukadiria kwenye wastani, au anachanganya ujazo unaopishana kwa zaidi ya 0.2 cm³. Kwenye Fizikia anachora grafu iliyojibana kwenye kona moja ya karatasi, halafu anatafuta mteremko kwa kuchukua namba za kwenye jedwali badala ya pointi mbili za mbali zilizo juu ya mstari wenyewe. Wakati mwingine anasahau vizio. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji maabara ya gharama. Pendulamu ni uzi, jiwe, rula ya mita na saa ya simu: pima muda wa mizunguko 20, gawanya, badilisha urefu mara tano au sita, chora. Akianza kidato cha tano, kufikia Mei ya kidato cha sita mkono umezoea.

Na asisubiri moko (mtihani wa majaribio) ndipo agundue hajamaliza silabasi. Anayelenga B na kuendelea awe amepita mada zote kufikia Desemba, miezi inayobaki iwe ya maswali.

"Ukishaomba, kaa usubiri majina"

Dirisha la kwanza hufunguliwa mwezi Julai baada ya matokeo, na wakati huo vijana wengi wako kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Wengine wanarudi nyumbani wakati dirisha limeshafungwa. Kabla ya kuondoka, kijana akae na mzazi au dada yake, waandike kwenye karatasi namba zote mbili za mtihani, machaguo kwa mpangilio, barua pepe na nywila yake, na namba ya simu ambayo itakuwa hewani muda wote.

Namba hiyo ya simu ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja, kwa msimbo maalumu unaotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye namba iliyotumika kuomba. Vijana wengi wanaombewa steshenari, na mhudumu mwenye foleni ndefu anaweka barua pepe yake na namba yake ili asisumbuke. Msimbo unaingia kwenye simu ya mtu mwingine, muda wa kuthibitisha unapita, nafasi anapewa aliye nyuma. Simama pembeni yake, angalia anachoandika, na usilipe kabla hujaona namba yako mwenyewe kwenye kioo.

Dirisha la pili lipo kwa waliokosa au hawakuomba, lakini ni kwa kozi ambazo bado zina nafasi. Udaktari katika vyuo vya umma usiutegemee hapo.

"Aliyekosa kidato cha tano udaktari umemwisha"

Stashahada ya tabibu, miaka mitatu, inafungua mlango: GPA 3.0 au wastani wa B unaruhusu kuomba udaktari. Lakini kuna sharti ambalo hugunduliwa dakika ya mwisho. Lazima uwe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Unaweza kuingia kusomea utabibu bila kufaulu Hisabati, ukahitimu vizuri, ukaja kukwamia hapo. D ya kidato cha nne inaanzia alama 30. Mwenye F ya Hisabati ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kuufanya mtihani wa Novemba akiwa bado mwaka wa kwanza wa stashahada, wala asingoje amalize.

"Hata ukipata, ada itakushinda"

Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) unaombwa kivyake, kwa kawaida kati ya Juni na Agosti, na hausubiri majina ya waliochaguliwa. Ada ya maombi ni 30,000. Kinachokwamisha ni makaratasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na cheti cha kifo kama mzazi amefariki, na uhakiki huo unachukua siku. Majina ya cheti cha kuzaliwa na ya NECTA yakitofautiana, anza kushughulikia miezi kabla. Fomu ikichapishwa inahitaji saini yako, ya mdhamini, ya mwanasheria au hakimu, na saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, kisha inapigwa skani na kupandishwa tena. Ukurasa mmoja usio na muhuri unatosha kuifanya fomu isikamilike. HESLB huwa inatoa muda mfupi wa kurekebisha, kwa hiyo ingia kwenye akaunti kila wiki hata baada ya kutuma. Wenye ufaulu wa juu kabisa wa sayansi wanaweza kupata Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23. Huo si mkopo, haurudishwi.