Dawa nyeupe nayo hutoa kemikali

"Daktari, nitolee hii nyeusi ina zebaki, niwekee nyeupe isiyo na kemikali." Ombi hili nimelisikia tena wiki hii, na sasa naliandikia.

Dawa ya kuziba jino isiyotoa chochote mdomoni haipo. Amalgamu, yaani ile nyeusi, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, hutoa mvuke kidogo unapotafuna au kusaga meno usingizini. Mvuke huo hutoka kwa wingi zaidi pale ninapoichimba. Watu hunionyesha uamuzi wa mwaka 2022 chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, kuhusu kutowawekea amalgamu watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha. Usomeni vizuri: unahusu kuweka amalgamu mpya. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, nayo ilisema mwaka 2020 kwamba iliyo nzima isitolewe bila sababu ya kitabibu.

Tuje kwenye nyeupe. Kompositi ni chembe za glasi ndani ya resini, aina ya plastiki, na resini huanza kama monoma, yaani molekuli ndogo zisizounganishwa bado, hasa Bis-GMA na TEGDMA. Taa ya bluu huziunganisha, lakini si zote. Nyingi ya zilizobaki zimeshikwa upande mmoja na hazitoki. Chache zilizo huru huingia kwenye mate, hasa katika siku ya kwanza. Juu kabisa, palipogusana na hewa, hubaki utando wa kunata usioganda. Kuung'arisha mwishoni ndiko kunakouondoa, kwa hiyo usimharakishe daktari kwa kuwa jino "limeshaziba".

Linaloniudhi hasa ni kompositi ya kawaida kujazwa shimo zima kwa mkupuo mmoja. Inatakiwa tabaka za milimita 2, kila moja imulikwe peke yake, taa ikiwa karibu na ncha yake safi. Ukikiuka hayo, juu panakuwa pagumu na chini, jirani na kiini cha jino, panabaki pabichi. Kemikali nyingi hutoka kwa kazi mbovu ya namna hiyo, ila mgonjwa haulizi kuhusu taa, anauliza rangi.

Halafu kuna bisfenoli A, kemikali inayotumika kutengeneza plastiki. Haiwekwi kama kiungo. Hubaki kama mabaki ya kiwandani, au hutokea vimeng'enya vya mate vinapoivunja monoma nyingine, Bis-DMA. Bis-GMA haivunjiki hivyo kirahisi. Tumezoea kuwatuliza wagonjwa kwamba kiasi hicho kiko chini sana ya kikomo cha usalama cha kila siku. Lakini mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kikomo hicho mara 20,000, na BfR, taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, ikaipinga hesabu hiyo. Wenyewe hawajakubaliana, kwa hiyo sentensi ile ya kutuliza siisemi tena. Kwa mjamzito, kama jino linaweza kusubiri, nasubiri.

Glasi ayonoma, dawa nyingine ya kuziba jino, hutoa floridi, na hiyo tunaitaka. Ndiyo inayotumika katika ART, njia ya kuziba bila mashine iliyoanzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980.

Amalgamu yako ikipasuka, au jino likioza pembeni yake, nitaitoa: kwa vipande vikubwa, maji mengi, na bomba la kufyonza likiwa jirani na jino.