Epistemolojia: lini tuseme mtu anajua?

Epistemolojia ni tawi la falsafa linalochunguza maarifa: kujua ni nini, tunayajuaje tunayoyajua, na lini mtu ana haki ya kuamini anachokiamini. Wengine huiita nadharia ya maarifa. Kujua kuogelea au kumjua jirani si hoja yake kuu. Kinachoisumbua ni kujua kwamba jambo fulani ni kweli.

Ukirusha sarafu nami nikakisia upande utakaotokea, nikapatia, hakuna atakayesema nilijua. Nimebahatisha tu. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliona hilo tangu karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika mazungumzo yake yaitwayo Theaetetus, mahakimu wanashawishiwa na msemaji hodari wakaamini jambo ambalo kwa kweli lilitokea. Wamepatia, lakini walioshuhudia ndio wanaojua. Ndipo linapotolewa pendekezo kwamba maarifa ni imani ya kweli iliyo na maelezo yake. Ajabu ni kwamba pendekezo hilo husifiwa kila mahali kama jibu la Plato, ilhali mumo humo Socrates, msemaji mkuu wa mazungumzo hayo, analichambua na kulikataa.

Hata hivyo wazo lilibaki, likawa masharti matatu: uamini jambo, liwe kweli, na uwe na sababu ya kutosha ya kuliamini. Kisha mwaka 1963 Edmund Gettier, mwanafalsafa Mmarekani, akachapisha makala ya kurasa tatu hivi na kuonyesha kuwa mtu anaweza kuyatimiza yote matatu na bado asijue.

Mfano mwepesi kuliko ya kwake ni wa saa, ambao mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell aliutumia mwaka 1948 kwa kusudi lake mwenyewe. Saa ya ukutani imesimama tangu jana, mishale ikiwa kwenye saa nane kamili. Leo unaitazama, na kwa sadfa ni saa nane kamili. Unaamini ni saa nane, ni kweli, na sababu unayo, kwani saa hiyo haijawahi kukudanganya. Ungeitazama dakika kumi baadaye ungekosea, kwa sababu ileile. Bahati iliyofukuzwa mlangoni imeingilia dirishani.

Tangu hapo wengi wamejaribu kuongeza sharti la nne, na kwa maoni yangu hakuna lililoziba mwanya wote. Mwanafalsafa Alvin Goldman alichukua njia nyingine. Mwaka 1979 alieleza kwamba imani huwa halali, yaani mtu ana haki ya kuwa nayo, ikiwa imezaliwa na njia ambayo kwa kawaida huleta ukweli, kama macho mazima penye mwanga. Si lazima mwenyewe aweze kuitetea njia hiyo. Faida yake ni kwamba hata mtoto mdogo anaweza kuwa na imani halali, bila kujua lolote kuhusu hoja na ushahidi.

Mwanafalsafa mwenzake, Laurence BonJour, hakuridhika. Mwaka 1980 alibuni kisa cha Norman, mtu mwenye kipawa cha kutambua mambo ya mbali bila kuyaona, kipawa kisichokosea ingawa yeye hana ushahidi wowote kwamba anacho. Siku moja anaamini tu kwamba Rais yuko New York, na kweli yuko huko. Kwa BonJour, Norman hana haki ya kuamini hivyo, maana akiulizwa kwa nini, hana la kusema.