Enka imeteguka na hutaki kuacha mazoezi? Soma hii kwanza

Kuna maneno nayasikia sana kliniki, mtu anakaa, anavua kiatu, anasema "maumivu yameisha ila huu mguu siuamini." Aliteguka muda kidogo uliopita, akapumzika mpaka uvimbe ukashuka, akarudi kukimbia au kucheza mpira, na sasa kila akikanyaga sehemu isiyo sawa enka inataka kukunjika tena. Mi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo, na hayo maneno ndo yamenifanya niandike hapa leo, manake shida yote iko humo: maumivu kuisha ni kitu kimoja na enka kupona ni kitu kingine, na kati ya hivyo viwili zinaweza kupita wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na huo muda wa katikati ndo watu wanajiumiza upya.

Tuanze na kilichoumia. Mara nyingi sana mguu unakunjika kwa ndani, yaani unyayo unageukia mguu wa pili na uzito wote wa mwili unaangukia ukingo wa nje. Upande huo wa nje kuna ligamenti tatu zinazounganisha mfupa mwembamba wa muundi na mifupa ya chini yake. Ile ya mbele ndo dhaifu kuliko wenzake kwa hiyo ndo inatangulia kuumia, nguvu ikizidi inafuata ile ya kati, ya nyuma ni imara na haiumii kirahisi. Ligamenti inaweza kuwa imevutika tu, au imechanika kiasi, au imekatika kabisa. Ndani ya masaa machache unaona uvimbe mbele ya kile kifupa kilichotokeza upande wa nje, halafu kesho yake au keshokutwa rangi ya zambarau inashuka mpaka kwenye vidole na watu wanaogopa sana wakiona hivyo. Hiyo ni damu iliyovuja inashuka chini kwa uzito wake, haimaanishi kwamba vidole navyo vimeumia.

Sasa kabla ya kuongelea mazoezi yoyote lazima ujue kama mfupa uko salama. Kuna kanuni nzuri sana tunazitumia, zinaitwa kanuni za Ottawa, zilitoka Kanada mwaka 1992 kwa Dk. Ian Stiell na wenzake, na uzuri wake ni kwamba zinatumia vidole vyako na hatua zako tu. Bonyeza ukingo wa nyuma na ncha ya kifupa cha nje cha enka, kuanzia chini kabisa kupanda kama sentimita 6, fanya hivyo hivyo kwa kifupa cha ndani. Halafu bonyeza ule mfupa unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa mguu, chini ya kidole kidogo ukirudi nyuma, na mfupa ulio juu ya upinde wa mguu upande wa ndani. Ukibonyeza mfupa wenyewe hapo ukaumia, au kama hukuweza kupiga hatua nne pale pale ulipoumia na hata sasa huwezi, nenda kapigwe eksirei. Kuchechemea kunaruhusiwa, hatua nne za kuchechemea bado ni hatua nne. Ila kama miguu yako ina ganzi, labda kwa sababu ya kisukari, au aliyeumia ni mtoto mdogo, usizitegemee hizi, nenda tu kaonwe.

Vingine vya kukupeleka hospitali haraka: ulisikia kitu kimepasuka nyuma juu ya kisigino na sasa huwezi kusimama kwa vidole, hiyo inaweza kuwa ile kano kubwa ya nyuma imekatika. Au maumivu yako juu zaidi ya enka, katikati ya mifupa miwili ya muundi, na yanazidi mguu ukigeuzwa kwa nje, hiyo ni aina nyingine ya kuteguka na inapona taratibu zaidi. Na kama kigimbi kinavimba, kinauma na kina joto baada ya siku za kukaa bila kutembea, usisubiri, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa.

Haya, umehakikisha mfupa mzima. Siku mbili tatu za kwanza tulie kidogo. Wengi wanaijua ile RICE, pumzika, weka barafu, funga bandeji, inua mguu. Aliyeitoa ni daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, mwaka 1978, na mwaka 2014 yeye mwenyewe akaandika kwamba barafu na mapumziko ya moja kwa moja vinaweza kuchelewesha kupona. Mi barafu siikatazi, inapunguza maumivu na mtu akipungukiwa maumivu anatembea vizuri zaidi, dakika 10 mpaka 15 ukiwa umeweka kitambaa katikati inatosha, lakini usifikiri barafu ndo inaponya. Bandeji ya kuvutika na kuinua mguu juu ya usawa wa moyo vinasaidia kwa uvimbe. Ninachokataza kwa nguvu zote ni kukandwa na maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu siku hizo za mwanzo, kuna mishipa midogo ya damu imekatika mule ndani na wewe unaifungua upya, halafu unashangaa asubuhi mguu umevimba mara mbili.

Na hata siku hizo za mwanzo enka ichezeshwe. Lala, inua mguu, vuta vidole kuja kwako, visukume mbali, taratibu, mara nyingi kwa siku. Ukiweza kukanyaga, kanyaga, tumia magongo kama unachechemea sana, na tafadhali kanyaga kisigino kwanza halafu vidole, usitembee kwa vidole kama mtu anayenyata kwa sababu hiyo tabia ikikaa wiki mbili kigimbi kinakaza na kuirudisha ni kazi. Ukibaki na gongo moja shika mkono wa upande wa mguu MZIMA, karibu kila mtu anakosea hapo. Ligamenti inayopona inahitaji kuvutwa kidogo kidogo ili nyuzi mpya zijipange kufuata mwelekeo wa kazi, ukiifungia kabisa zinajipanga hovyo. Ndo maana kwa kuteguka kwa kawaida hatupendi plasta ngumu ya wiki nyingi. Zile zilizochanika vibaya, ambazo mguu haukanyagiki kabisa, zinaweza kufaidika na plasta au buti gumu kwa kama siku 10 hivi, baada ya hapo nazo zianze kucheza.

Sasa sehemu iliyokuleta: mazoezi. Watu wanaopenda mazoezi wakiumia enka wananipa shida kwa njia mbili, kuna anayeacha kila kitu analala anasubiri, na kuna ambaye siku ya nne yuko barabarani amejifunga bandeji amemeza dawa ya maumivu. Wote nawaelewa. Lakini angalia, kilichoumia ni kiungo kimoja, mapafu yako yapo, moyo upo, mikono ipo, mguu wa pili upo. Pumzi inaanza kushuka ndani ya wiki mbili tu za kukaa bure, kwa hiyo tafuta njia. Mazoezi ya mikono na kifua ukiwa umekaa au umelala, tumbo, mgongo, nyonga. Mguu mzima ufanyishe mazoezi mazito kama kawaida, na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi, ukiimarisha upande mmoja ule mwingine nao unapata sehemu ya hizo nguvu hata kama haufanyi kitu, manake ubongo na neva ndo vinavyojifunza kwanza. Baiskeli ya kukaa sehemu moja ni rafiki mkubwa, unaweza kuanza mapema kabisa, weka katikati ya unyayo kwenye pedeli badala ya mbele na uanze na uzito mwepesi. Kwenye maji pia, kukimbia maji yakiwa kifuani kunapunguza uzito mwingi sana kwenye mguu. Kuogelea sawa, ila acha ule mtindo wa chura, lile teke linaizungusha enka pale pale inapouma, weka boya katikati ya mapaja uvute kwa mikono tu.

Utajuaje umezidisha? Mi nawapa kipimo cha asubuhi. Wakati wa zoezi, ukipima maumivu kuanzia 0 mpaka 10, isizidi 3, hiyo ni moja. Lakini jibu la kweli unalipata kesho yake ukishuka kitandani: hatua za kwanza zikoje ukilinganisha na jana, na uvimbe umeongezeka au uko pale pale? Kama iko sawa na jana au afadhali, mzigo wa jana ulikufaa, rudia au ongeza kidogo. Kama imekaza na kuvimba zaidi, punguza mzigo, usiache, PUNGUZA. Na dawa ya maumivu usiimeze ili uweze kufanya mazoezi, utakuwa umeziba masikio kwa mtu pekee anayekwambia ukweli.

Sasa hapa ndo penye uzito. Kwa nini enka isiyouma bado inakunjika? Mwaka 1965 daktari wa mifupa wa Uingereza, Michael Freeman, na wenzake walionyesha kwamba ligamenti ikichanika zinaharibika pia neva ndogo zilizo ndani yake, zile zinazouambia ubongo mguu umekaa vipi bila wewe kuangalia, na kwamba waliofundishwa usawa kwenye ubao unaoyumba walibaki na enka legelege kwa uchache zaidi. Miaka yote hiyo na hili zoezi bado ndo linarukwa kuliko yote, kwa sababu halitoi jasho na halionekani kama mazoezi. Na ujue enka inakunjika haraka mno, misuli ya pembeni ya muundi inapokuja kujibu mguu ushalala. Kwa hiyo unachofundisha ni mguu kutua vizuri kabla haujagusa ardhi, na huo ni ujuzi, unapatikana kwa kurudia.

Ukishaweza kusimama bila maumivu makali, anza. Simama kwa mguu ulioumia peke yake ukiwa karibu na ukuta, sekunde 30, mara kadhaa, kila siku. Ikiwa rahisi geuza kichwa kulia na kushoto, halafu funga macho (utashangaa dunia inavyobadilika), halafu simama juu ya mto, halafu rusha mpira ukutani na kuudaka. Usikimbilie hatua inayofuata kama hii ya sasa bado unatapatapa. Pamoja na hilo, inua visigino, kwanza miguu miwili, baadaye mmoja, polepole kupanda na polepole kushuka, na sukuma mguu kwa nje dhidi ya mpira wa kuvutika kwa ajili ya ile misuli ya pembeni.

Kitu kingine kinachosahaulika ni kukunja enka kwa mbele. Weka vidole karibu na ukuta, peleka goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, rudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka ufike mwisho, pima kutoka kidole gumba mpaka ukutani. Fanya miguu yote miwili. Tofauti ya sentimita kadhaa inamaanisha enka bado imekaza, na ukikimbia hivyo goti na nyonga ndo vitalipa. Kipimo kile kile ndo zoezi lenyewe, likirudiwa kila siku linafungua.

Kurudi kukimbia siangalii kalenda, naangalia mguu unaweza nini. Utembee haraka nusu saa bila kuchechemea, uinue kisigino kwa mguu mmoja karibu idadi sawa na mguu mzima, uruke kwa mguu mmoja mara kadhaa utue bila kuyumba na bila woga. Vikitimia, kimbia dakika moja tembea mbili, ardhi tambarare, siku moja ukimbie siku moja upumzike, ongeza polepole. Kunyooka kwanza, kukata kona baadaye, kukabana na watu mwisho kabisa. Wa mpira na wa basketi ndo wanakosea hapa, anakimbia mstari mnyoofu vizuri anajiona tayari, wakati kilichomuangusha mwanzo ilikuwa kona au kutua kwenye mguu wa mtu.

Kuhusu vifaa vya kufunga enka naulizwa sana kama vinailemaza. Hapana, ukiwa unafanya mazoezi huku umevaa havidhoofishi mguu, na kwa mtu aliyewahi kuteguka vinapunguza kweli uwezekano wa kurudia. Mi nashauri kwenye michezo ya kona na kuruka uvae miezi 6 mpaka mwaka, kwa sababu ligamenti inaendelea kujijenga kwa muda kama huo hata kama wewe huisikii tena. Cha kufunga kwa kamba kinatosha, utepe wa kubandika nao ni mzuri ila unalegea baada ya nusu saa hivi ya kutoka jasho.

Na wewe ambaye umeteguka mguu ule ule mara nyingi kwa miaka na umeshajiambia ndo ulivyo, haya mazoezi ya usawa ni yako pia, hayajachelewa, enka ya zamani nayo inajifunza. Yafanye sawasawa miezi mitatu. Kama bado inakunjika yenyewe, au inauma ndani kabisa, au inanasa kama kuna kitu kimekwama, rudi kwa daktari umwambie umeshafanya mazoezi na yameshindikana, ili aangalie gegedu (ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) na ligamenti kwa MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, badala ya kukuandikia dawa za maumivu tena.