Nyumba ya Mdogomdogo: Ukikwama Kulipa, Nani Anabaki na Nini?

Mtu akiniletea mkataba wa nyumba ya kulipia mdogomdogo, swali langu la kwanza ni hili: mwezi utakaokosa awamu, mkataba unasemaje? Mara nyingi hajui. Bei anaijua, vyumba amevihesabu, na kwamba benki haimo ndiyo habari iliyomvutia. Sababu zake zinaeleweka. Mombasa wapo wasiotaka riba iingie katika maisha yao, na wapo wenye mapato ya msimu, wafanyakazi wa hoteli za Nyali na Bamburi, vibarua wa bandarini, wachuuzi wa Kongowea, wasio na hati ya mshahara ya kupeleka benki. Muuzaji akiwaambia "leta arubuni, hamia, zilizobaki utanilipa kila mwezi, hati nitakupa ukimaliza", wanaona mlango umefunguka.

Umefunguka kweli, ila hati bado ni ya muuzaji, na hapo ndipo tofauti na mkopo wa benki inapoanza. Aliyeweka nyumba rehani benki akishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inamlazimu mkopeshaji ampe ilani ya miezi mitatu, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali wa mnada naye ampe siku 45. Mnunuzi wa awamu hana ngazi hizo. Siku zake za neema ni zile zilizoandikwa katika mkataba alioutia sahihi, na kama hazikuandikwa, itabidi ategemee mahakama.

Chukua mfano. Nyumba ni milioni 4. Unatoa arubuni ya laki 4, unahamia, na milioni 3.6 unailipa kwa shilingi 50,000 kila mwezi kwa miezi 72. Unalipa miezi 40 bila kukosa, kisha kazi inakatika na miezi mitatu inapita bila awamu. Mkononi mwa muuzaji tayari kuna milioni 2.4. Ukirudi kwenye mkataba unakuta: "Mnunuzi akikosa awamu mbili, mkataba umevunjika na fedha zote alizolipa zitahesabiwa kuwa kodi." Kama nyumba ya namna hiyo mtaani hupangishwa kwa 20,000, kodi ya miezi 43 uliyokaa ni 860,000. Zilizosalia zinakwenda wapi?

Kifungu kama hicho mimi nakiona ni dhuluma, na namshauri yeyote asikitie sahihi. Arubuni ni dhamana ya uaminifu wako, na kwa kawaida, ikiwa ni ya kiasi, asilimia 10 ya bei kwa mfano, huweza kupotea ukivunja ahadi. Awamu ni jambo jingine, ni sehemu ya bei ya nyumba ambayo hukuipata. Mkataba wa haki ungesema: muuzaji akate arubuni, akate kodi ya miezi uliyokaa, akate uharibifu uliothibitishwa, kinachobaki kirudi. Katika mfano wetu ni shilingi 1,140,000 mikononi mwako, na muuzaji ana nyumba yake, arubuni na kodi. Hajapoteza. Mahakama nazo hazipendi adhabu iliyovikwa jina la fidia, lakini kulipigania hilo kortini ni gharama na miaka. Liandikwe mapema.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Kifungu cha 39 cha Sheria hiyo hiyo ya Ardhi kinasema mnunuzi akishaingia nyumbani, muuzaji anayetaka kuvunja mkataba kwa sababu ya kosa la mnunuzi ana njia mbili tu: kuirudia mali kwa amani, au kupata amri ya mahakama. Kubadilisha kufuli ukiwa kazini si amani. Kung'oa mabati si amani, wala kuleta vijana usiku. Na mnunuzi ana haki ya kuiomba mahakama imwokoe dhidi ya uvunjaji huo, hasa akionyesha kwamba deni analiweza akipewa muda.

Nasikia pia watu wakisema, "nimeshalipa theluthi mbili, hawezi kunitoa bila kesi." Kanuni hiyo ipo, lakini ni ya Sheria ya Ununuzi kwa Awamu wa bidhaa, friji au gari. Nyumba haimo.

Yote haya yanasimama juu ya karatasi. Sheria ya Mikataba inataka mauziano ya ardhi yawe ya maandishi, yenye sahihi za pande zote mbili zilizoshuhudiwa. Makubaliano ya barazani na ujumbe wa Mpesa ni ushahidi kwamba fedha zilitoka, si mkataba wa nyumba. Kabla ya arubuni fanya sachi ya hati, yaani hakikisha kwenye rejista ya ardhi mwenye nyumba ni nani. Ukishatia sahihi, wakili wako aandikishe kizuizi (caution) kwenye rejista hiyo, ili muuzaji asiuze kwa mwingine huku wewe ukilipa mwaka wa tano. Ukiambiwa ni nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi za Majengo na Kisauni, jua kwamba unanunua kuta na paa tu, na kodi ya kiwanja utamlipa mwenye ardhi. Na kama nyumba ni ya marehemu, uliza mirathi imethibitishwa na mahakama au la, maana kabla ya hapo hata mtoto wa kwanza hana ruhusa ya kuiuza.

Ukiona mwezi ujao hutaweza, usijifiche. Mwandikie muuzaji kabla ya tarehe, sema utalipa nini na lini, bakia na nakala iliyopokewa kwa sahihi. Lipa hata nusu, uchukue risiti. Akikutaka uondoke, usimkabidhi funguo mpaka hesabu ya fedha zako iwe imeandikwa na kutiwa sahihi na nyote wawili.