Dhamira siyo funzo

Wiki iliyopita nimelisikia neno dhamira likionewa mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa ndani ya nyumba yangu. Alianza mtangazaji wa redio asubuhi, akimalizia hadithi ya watoto: "Na dhamira ya hadithi yetu ya leo ni kwamba tuwatii wazazi." Ikafuata siku ya mahafali ya darasa la saba. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimejifunga vitenge viwili kwa ule upepo wa Uyole, mgeni rasmi akasema dhamira ya igizo la watoto ni "elimu". Basi, neno moja, akapigiwa makofi. Jioni yake nikafungua daftari la mjukuu wangu wa darasa la tano. Swali: taja dhamira ya hadithi ya Sungura na kisima. Jibu: tusiwe wavivu. Pembeni, kwa wino mwekundu, vema kubwa.

Nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka mingi, zaidi Mufindi, mkoani Iringa, kabla sijarudi Mbeya. Najua kusahihisha madaftari 80 usiku mmoja kunavyochosha macho, kwa hiyo sina ugomvi na mwalimu wa mtoto. Ugomvi wangu ni na neno.

Kwa kifupi: mada ni jambo linalozungumzwa. Dhamira ni wazo ambalo hadithi inalihangaikia kuhusu jambo hilo, toka mwanzo hadi mwisho. Ujumbe, au funzo, ni kile msikilizaji anachoondoka nacho. Vyote vimo ndani ya kapu kubwa liitwalo maudhui, na waliofika sekondari wanakumbuka kwamba upande wa pili wa maudhui kuna fani, yaani namna hadithi inavyosimuliwa. Yameisha hayo.

Sasa neno lenyewe. Dhamira tumelipata kwenye Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kuficha jambo moyoni. Ndugu yake wa tumbo moja ni dhamiri, ile inayomsuta mtu usiku taa zikishazimwa. Mwingine ni kitenzi kudhamiria, yaani kukusudia ndani kwa ndani kabla mkono haujatenda. Na Waarabu katika sarufi yao hukiita kiwakilishi, yaani maneno kama "yeye" na "wao", kwa jina hilohilo, dhamir. Jina la mtu halitajwi, limesitirika, na msikilizaji lazima ajue mwenyewe anasemwa nani. Nilipolijua hilo nilikuwa nimeshafundisha miaka kadhaa, nikajuta kuchelewa. Hadithi hufanya vivyo hivyo. Inakutajia Sungura, Tembo na kisima, lakini jambo lenyewe hailitaji. Limekaa nyuma yao.

Ujumbe hausitiri kitu. Umetokana na mjumbe, mtu anayetumwa. Mjumbe wa mtaa wetu akija kupiga hodi saa kumi na mbili asubuhi haji na mafumbo: Jumamosi kila kaya itoe mtu mmoja wa kuzibua mitaro. Umesikia, anaenda nyumba ya pili. Ndiyo maana ujumbe hupenda kuagiza: tufanye, tusifanye, tuwe, tusiwe. Jibu la mtoto likianza na "tu" au "tusi" la namna hiyo, huo ni ujumbe, hata likiwekewa vema tatu.

Mada nayo ina undugu na ile maada ya somo la Sayansi, ya yabisi, kimiminika na gesi. Ni neno moja la Kiarabu lililoingia kwetu kwa milango miwili. Mada basi ni malighafi. Yule mgeni rasmi aliyesema "elimu" alituonyesha gunia la unga akaliita ugali. (Maudhui, kwa asili, ni "kilichowekwa", na wanazuoni wa Kiislamu hulitumia neno hilo kwa kauli iliyozushwa na kusingiziwa Mtume. Sisi tuliokulia kwenye "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea" tunyamaze tu. Lakini hapo natoka nje ya mada.)

Mazoea ya kuchanganya yametoka kwenye mtihani. Watoto wa msingi wakisoma kifungu cha ufahamu huulizwa: kichwa kinachofaa ni kipi, methali ipi inaendana na habari hii, umejifunza nini. Maswali mazuri, yote yanakwenda kwenye mwisho wa habari. Mtoto anazoea kwamba hadithi ni barabara ya kumfikisha kwenye "umejifunza nini", kama abiria wa Mwanjelwa anayesinzia mpaka konda aite kituo. Akiulizwa dhamira, anatoa jibu la kituoni.

Nikarudi kwenye kisima. Hadithi yenyewe mnaijua. Ukame umeingia, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima, wote wanachimba isipokuwa Sungura. Maji yanapatikana, Sungura anakatazwa kuteka, kisima kinawekewa mlinzi. Anakuja na kibuyu cha asali, anamlambisha mlinzi kidogo, anamwambia asali hii ni tamu mno, mtu hailambi mpaka afungwe kamba kwanza asije akaanguka. Mlinzi anakubali kufungwa. Sungura anakunywa, anaoga, anayachafua maji, anaondoka. Kesho mlinzi mwingine, mambo yaleyale. Mwishoni Kobe anapakwa ulimbo mgongoni, anakaa ndani ya maji, Sungura anamkanyaga akidhani ni jiwe, ananasa.

"Tusiwe wavivu." Nikamwuliza mjukuu wangu, tukiwa jikoni tunamenya viazi: huyu Sungura ni mvivu?

"Ndiyo, Bibi. Hakuchimba."

"Asali aliitoa wapi?"

Akanyamaza. Asali ya mwituni hailetwi na mvivu. Mtu anayetafuta mzinga, anayepambana na nyuki, anayekuja kisimani kila siku na hila yake, huyo anafanya kazi kuliko walinzi wote. Hadithi haihangaiki na uvivu hata kidogo. Inahangaika na swali la nani ana haki ya maji: aliyechimba, au mwenye kiu? Na ndani yake linakua swali jingine, kwamba waliopewa kulinda cha wote wanaweza kukiuza kwa kidole kimoja cha asali.

Nimesema linakua makusudi. Dhamira haiji siku moja. Hapo wanyama wanapochimba, ungesema hadithi ni ya ushirikiano. Mlinzi wa kwanza anapofungwa, unadhani ni ya ujanja. Mlinzi wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, anapofungwa kwa asali ileile, ndipo unaanza kushtuka: mbona jambo linarudiwa? Msimulizi hakuishiwa maneno. Kinachorudiwa ndicho kinachohangaikiwa. Na anayefanikiwa mwishoni hana nguvu wala mbio. Ni Kobe, aliyekaa ndani ya maji bila kuonja chochote.

Kwa watoto wadogo sijaona njia inayofaa kuliko kusimamisha hadithi katikati. Simulia mpaka kisima kinatoa maji, nyamaza, uliza: mpaka hapa hadithi inasumbuliwa na nini? Andika majibu ubaoni. Endelea mpaka mlinzi wa kwanza, uliza swali lilelile, andika chini ya yale ya kwanza, wala usifute. Fanya hivyo mara tatu. Mtoto akitazama ubao anaona wazo lilivyoanza dogo, likapinda, likanenepa. Huko Iringa ningelifananisha na ulanzi, ile pombe ya mianzi, unavyodondoka tone tone kwenye mbeta, chombo chake cha kukingia, asubuhi huoni kitu na jioni imejaa, ila mfano huo niliutumia kwa walimu wenzangu tu.

Kuna jambo jingine linalonifanya niitetee dhamira isimezwe na funzo. Bibi yangu mimi aliimalizia hadithi hii kwa Sungura kuponyoka. Alinaswa, akafungwa kwa nyuzi za mgomba, akaomba aanikwe juani, nyuzi zikakauka zikakatika, huyoo. Kwa mwisho huo, funzo la kutokuwa mvivu limekufa, maana mkosaji kashinda. Lakini dhamira iko palepale, kali zaidi pengine: wenye kisima wamekipata kisima, haki yao hawakuipata. Funzo hubadilika kwa mwisho mmoja kuondolewa. Dhamira inakaa katika hadithi nzima, huwezi kuing'oa kwa sentensi moja.

Mtoto akimaliza kiazi chake akaniambia, bila kuulizwa, "Lakini Bibi, Sungura naye ana kiu." Kisu kikasimama mkononi mwangu. Sisi watu wa huku tunaijua habari hiyo nje ya hadithi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi unapopita hifadhini, na kwenye bonde la Usangu mwenye shamba la mpunga, mwenye ng'ombe na wanaosubiri umeme wa bwawa la Mtera kila mmoja ana maelezo yake kwa nini maji ni yake. Mtoto wa Mbarali, huko huko Usangu, ukimsimulia kisima hatakupa "tusiwe wavivu". Atauliza mto ulianzia wapi. Na mtoto anayeuliza hivyo ameishika dhamira, hata kama neno lenyewe bado hajalijua.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu uliyeweka vema ile, sikuifuta na wala sikuja shuleni. Jibu la mtoto ni zuri, limekosea mlango tu. Kwenye swali, pale palipoandikwa dhamira, nimeandika juu yake kwa penseli, herufi ndogo: ujumbe. Chini yake nimeacha mistari miwili mitupu na neno dhamira likifuatiwa na nukta mbili. Amejaza mwenyewe jana usiku: "Nani anywe, aliyechimba au mwenye kiu." Kaandika bila alama ya kuuliza. Hiyo nakuachia wewe umsahihishe.