Asilimia Ikishuka, Uliza Kwanza Nani Amekufa

Juzi tena, kwenye kikao cha bajeti, chai haijafika mezani mtu ananiuliza: "Daktari, hawa mateja si mlishawapima? Asilimia ya wenye VVU imeshuka. Hela ya kuwafuata miaka kumi mingine ni ya nini?" Nimelijibu swali hili hadi nimechoka. Leo naliandika, ili safari ijayo nimtumie mtu kiungo nami ninywe chai yangu.

Tufanye hesabu ya shule ya msingi, kwa mfano wa kubuni. Maskani ina watu 100 wanaojidunga, 40 wana VVU. Unarudi baada ya miaka kadhaa. Kati ya wale 40, 15 wamefariki: kifua kikuu, kuzidisha dozi, kipigo cha wananchi wenye hasira kali. Kati ya wale 60 wengine, watano wameambukizwa. Umebaki na watu 85, wenye VVU ni 30. Asilimia 35! Imeshuka kutoka 40, mfadhili anapiga makofi, na hakuna hata mmoja aliyekingwa. Anayepima mara moja na kuondoka huhesabu waliopo tu. Kohoti, yaani utafiti unaofuata watu wale wale kwa miaka, humtafuta yule yule wa mwaka jana, na asipomkuta huuliza yuko wapi. Hapo ndipo gharama ilipo.

"Lakini teja hafuatiliki." Haya. Baltimore, Marekani, wanawafuatilia tangu 1988, utafiti unaitwa ALIVE, kwa fedha za NIDA, taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya. Vancouver, Kanada, wana utafiti kama huo, VIDUS, tangu 1996. Na hapa Dar, tangu kliniki ya methadoni, dawa mbadala ya heroini, ya Muhimbili ifunguliwe Februari 2011, kuna watu wanafika dirishani kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, wanameza dozi mbele ya mhudumu. Ofisini kwako nani ana mahudhurio hayo? Wanaopotea wapo, tena wengi, ila hupotea kwa sababu zinazojulikana: mahabusu, nauli, msiba mkoani. Mwelimisha rika anazijua zote. Mtafiti mwenye beji shingoni ndiye asiyejua.

Linaloniudhi kuliko yote ni hadithi ya Vancouver, maana husimuliwa nusu. Mji ule ulikuwa na mpango mkubwa wa kugawa sindano safi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na bado katikati ya miaka ya 1990 VVU vililipuka. Mbaya zaidi, waliokwenda kuchukua sindano mara kwa mara ndio waliokuwa na maambukizi mengi. Wanasiasa wa Marekani wakarukia: mnaona, sindano zinaeneza Ukimwi! Wakazitumia takwimu hizo kupinga fedha za serikali kuu kwa sindano, huku watafiti wenyewe wakilalamika hadharani kwamba wametafsiriwa vibaya. Kilichotatua ubishi ni ufuatiliaji. Uchambuzi uliotoka 1999 ulionyesha kwamba waliofika mara nyingi walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi tangu mwanzo: makazi ya kubahatisha, na kokeini ya kujidunga, ambayo mtu huirudia mara nyingi kwa siku tofauti na heroini. Ni sawa na kulaumu wodi ya mahututi kwa sababu wagonjwa wake hufa sana. Kwa kipimo cha siku moja usingeweza kujua nani alitangulia, hatari au sindano.

Sasa fedha. Ruzuku ya NIH, taasisi za afya za Marekani, kwa kawaida haizidi miaka mitano. Wa kwanza unaishia kwenye vibali vya maadili na ajira, wa mwisho kwenye kuandika andiko la kuomba mitano mingine. Ukikosa, au barua ikitoka Washington kama Januari 2025 misaada iliposimamishwa, pengo halizibiki. Tarehe ya maambukizi hatuijui. Tunajua kipimo cha mwisho kisicho na virusi na cha kwanza chenye navyo, kisha tunabahatisha katikati. Miezi sita ikiwa kati yake, ni makisio ya heshima. Ikiwa miaka miwili, ni ramli yenye jedwali.

Nami nina mashaka yangu. Tunaowapata mwaka wa tano huenda ni wale ambao maisha yao yametulia, kwa hiyo grafu zetu zinapendeza kuliko maskani ilivyo. Wengine wameshayakariri majibu ya dodoso na wanatupa tunachotaka kusikia, wapate nauli wawahi. Tunasahihisha kitakwimu, lakini sitaapa kwamba inatosha.

Na lipo jingine. Mshiriki mmoja, mtu wa miaka mingi kwangu, alinikatisha katikati ya maswali: "Dokta, mwaka wa sita huu unaniuliza nimechangia bomba la sindano na nani. Bomba zenyewe umeleta?"

Bajeti ilikuwa na fungu la madodoso. Fungu la bomba halikuwepo.