Trekta dogo la mkopo: yanayosemwa na yalivyo

Dhana inayowagharimu wakulima wengi ni kwamba trekta lenye nguvu za farasi 50 hupeleka nguvu zote hizo kwenye plau. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa boneti ni ya injini. Shafti ya nyuma inayozungusha zana hupata takriban asilimia 85 yake, na wakati wa kuvuta, hasa kwenye udongo uliokwisha kutifuliwa, kinachobaki chaweza kuwa nusu au pungufu, kwa sababu magurudumu huteleza na mashine hutumia nguvu kujisogeza yenyewe. Ndiyo maana trekta la kiasi hicho kwa kawaida hufungwa plau ya diski mbili. Anayelifunga diski tatu kwenye udongo mzito wa mbuga uliokauka, ati kwa kuwa jirani mwenye farasi 75 hufanya hivyo, atanunua klachi na matairi mapya mapema kuliko alivyopanga.

Wapo pia wanaoliona trekta dogo kuwa ni trekta kubwa lililopunguzwa bei. Sivyo, kazi zake ni nyingine. Lenye farasi 25 na rotaveta, yaani zana ya visu vinavyozunguka, huvuruga vizuri majaruba ya mpunga ya Mbarali na Kilombero, na hupita kati ya mistari ya zabibu Dodoma, mahali ambapo kubwa halienei. Lakini mwenye ekari 100 za mahindi Kiteto, kwa maoni yangu, afadhali aendelee kukodi trekta kubwa kuliko kununua dogo litakalomchelewesha mvua zikianza.

Kwenye fedha ndiko upotofu ulikojificha zaidi. Husemwa kwamba asilimia 10 ni asilimia 10, popote utakapokopa. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi milioni 20 kwa miaka 3. Riba ikikokotolewa kila mwaka juu ya mkopo wote wa awali, hata baada ya sehemu yake kulipwa, utalipa riba ya milioni 6. Ikikokotolewa juu ya salio linalopungua kila mwezi, utalipa takriban milioni 3.2. Riba ile ya kwanza, ikipimwa kwa utaratibu huu wa pili, ni karibu asilimia 18 kwa mwaka. Basi ulizia jumla ya shilingi utakazorejesha, pamoja na ada na bima, kisha ndipo ulinganishe.

Dhana ya kwamba trekta litajilipa kwa kulima mashamba ya watu ina ukweli nusu. Kongwa, kwa mfano, kuna msimu mmoja wa mvua, na kila mtu huhitaji kulimiwa katika wiki zilezile chache, ilhali marejesho ya kila mwezi hayangoji msimu. Hesabu ifanywe kwa ekari zenye uhakika tu, baada ya kutoa dizeli, ujira wa dereva na huduma ya injini, ambayo kwa matrekta mengi ni saa 50 za kwanza na kisha kila saa 250. Tela na mashine ya kupukuchulia mahindi huongeza miezi ya kipato, na mkopeshaji anayekijua kilimo huweza kukubali marejesho yanayofuata mavuno, ila jambo hilo liombwe kabla ya kusaini.

Si kweli pia kwamba asiye na hati ya nyumba hawezi kupata trekta. Tanzania ina sheria ya karadha, yaani kukodishiwa mali kwa malipo ya awamu, tangu 2008, na chini ya utaratibu huo trekta lenyewe ndilo dhamana: mkulima hutanguliza sehemu ya bei, hulitumia akilipa kidogo kidogo, na umiliki hubaki kwa kampuni ya karadha hadi malipo yaishe. Kwa hiyo haruhusiwi kuliuza wala kuliweka rehani kwingine, na marejesho yakikwama kampuni inaweza kulichukua.